Je, Wajua? Ugonjwa wa Mchungwa Husafiri kwa Nauli Yetu

Je, wajua kwamba mdudu aliyeiangusha biashara ya machungwa ya Florida, Marekani, hazidi milimita 4? Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilichuma makasha milioni 242 ya machungwa, kila kasha likiwa na kilo 41 hivi. Msimu wa 2022/23 halikufikisha makasha milioni 16. Vimbunga vilichangia, na mashamba mengine yaligeuzwa viwanja vya nyumba, lakini balaa lenyewe lilianza mwaka 1998 alipoonekana silidi wa Asia, mdudu wa kahawia mwenye madoadoa ambaye hufyonza utomvu wa majani huku ameinamisha kichwa na kuinua mkia. Mwaka 2005 ugonjwa anaoubeba ukagunduliwa kusini mwa jimbo, na tangu hapo haukurudi nyuma.

Wanasayansi huuita huanglongbing, jina lililotoka China. Jina lake jingine ni ugonjwa wa kijani, kwa kuwa chungwa la mti mgonjwa hubaki kijani upande wa chini hata likikomaa. Linakuwa dogo, limekwenda upande, chungu, na mbegu zake zimesinyaa na kuwa nyeusi. Mlaji hadhuriki kwa lolote. Anayekufa ni mti.

Na je, wajua mti unakufaje? Bakteria wa ugonjwa huu huishi ndani ya floemu, yaani mishipa inayoteremsha sukari kutoka majanini kwenda mizizini. Mwaka 2022 Nian Wang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba sehemu kubwa ya madhara mti unajifanyia wenyewe. Ukishamhisi bakteria, humwaga kemikali za kujikinga bila kukoma, hadi seli za mishipa yake zinakufa. Mishipa ikiziba, sukari hukwama majanini ikageuka wanga, na mizizi ikalala njaa. Mizizi midogo hutangulia kuoza huko chini, wakati juu mti bado una majani ya kupendeza.

Wanga huo uliokwama ndio uliowapa watafiti kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Jani hukwaruzwa kwa msasa, ungaunga wake ukachanganywa na maji, kisha hudondoshewa iodini, ile ile ya kupaka kidonda. Maji yakigeuka rangi na kuwa meusi, kuna wanga mwingi kupita kawaida. Kipimo hiki kimetumika Japani na Vietnam, na ni cha kuchuja tu, kwani jani linaweza kujaa wanga kwa sababu nyingine. Jibu la uhakika hutolewa na maabara inayosaka vinasaba vya bakteria. Jicho nalo lina kipimo chake. Jani lenye upungufu wa zinki au magnesi hugeuka manjano kwa mpangilio unaolingana kushoto na kulia kwa mshipa wa kati. Jani la huanglongbing lina mabaka yasiyolingana: upande mmoja umefifia hapa, mwingine umefifia pale.

Tatizo ni kwamba mabaka hayo huchelewa. Mti ulioambukizwa huweza kukaa miezi mingi, hata miaka, ukiwa na sura ya uzima, na muda wote huo silidi wanafyonza kwake na kwenda kwa jirani. Ndipo wakaletwa mbwa. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Marekani lililoongozwa na Tim Gottwald lilitangaza kwamba mbwa waliofunzwa waliutambua mti wenye bakteria kwa usahihi wa asilimia 99 hivi, na wengine waliunusa wiki chache tu baada ya kuambukizwa, kabla mashine za maabara hazijaona chochote. Sababu ni rahisi: maabara hupima jani moja moja lililochumwa, na bakteria hajasambaa mti mzima, kwa hiyo ukichuma jani lisilo naye utaambiwa mti ni mzima. Mbwa huunusa mti wote kwa mara moja.

Je, wajua kwamba hadi leo hakuna maabara iliyofanikiwa kumwotesha bakteria huyu peke yake na kumtunza? Joseph-Marie Bové wa Bordeaux, Ufaransa, na mwenzake Laflèche walimwona kwa darubini ya elektroni mwaka 1970. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1994, nalo bado linatanguliwa na neno Candidatus, alama ya viumbe wanaojulikana kwa vinasaba lakini hawajapata kuoteshwa. Watu wameshakata mamilioni ya miti kwa ajili ya kiumbe ambaye hajawahi kukaa peke yake kwenye kisahani cha maabara.

Ujanja wake ndio uliotushangaza kuliko yote. Utafiti uliofanyika Florida na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mti ulioambukizwa hutoa harufu inayowavuta silidi kuliko mti mzima. Silidi anafika, anafyonza, anakuta chakula hakina virutubisho vya kutosha, anaondoka kutafuta mti bora. Kufika kwake kumempa mzigo wa bakteria; kuondoka kwake kunaupeleka mzigo huo kwenye mti ambao haujaugua. Bakteria hana mbawa wala miguu, ila ameukalia usukani wa mti na wa mdudu kwa pamoja.

Hata hivyo silidi si msafiri wa mbali. Akibebwa na upepo hufika kilomita kadhaa. Bahari hawezi kuivuka. Anayemvusha ni binadamu, na hapa ushahidi ni mwingi mpaka unachosha. Huko Florida, watafiti walikuta silidi wenye bakteria kwenye miche ya maua iliyouzwa madukani, hasa ule mti wa mapambo wenye maua meupe yanayonukia uitwao Murraya, ambao ni ndugu wa mchungwa. Mwaka 2010 Susan Halbert na wenzake wakaonyesha kwamba matela ya malori yanayopeleka machungwa kiwandani huwabeba silidi hai, njia nzima, yakipita kando ya mashamba ya watu wengine. Mwaka 2009 mbwa wa ukaguzi huko Fresno, California, alinusa mzigo wenye majani ya kari kutoka India. Ndani yake mlikuwa na silidi, na silidi wakakutwa na bakteria. Mkaripata unaowekwa majani yake kwenye mchuzi ni mti anaoupenda sana mdudu huyu. Sidhani kama aliyefunga mzigo ule alikuwa na nia mbaya. Alitaka mchuzi wenye harufu ya nyumbani.

Sasa twende kwetu, maana kisa cha Afrika Mashariki kina mkato wake.

Je, wajua kwamba Afrika ina silidi wake na bakteria wake? Silidi wa Afrika, Trioza erytreae, alielezwa kisayansi mwaka 1918 kutokana na vielelezo vya Eritrea, ndiyo maana ya jina lake. Mkulima wa milimani anamjua kwa alama anazoacha: jani jipya la mlimau au mchungwa lenye vinundu kwa juu na vishimo kwa chini, kila kishimo kikiwa ni makao ya mdudu mchanga. Ugonjwa wa kijani wa aina ya Afrika uliandikwa Afrika Kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1965 McClean na Oberholzer wakathibitisha kwamba silidi huyu ndiye mwambukizaji.

Jambo la kushika hapa ni joto. Silidi wa Afrika na bakteria wa Afrika wote wawili hupenda baridi ya nyanda za juu. Joto kali na ukavu huua mayai na wadudu wachanga, na mti ukikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 dalili za ugonjwa hufifia. Kwa hiyo kwa miongo mingi ugonjwa uliwala wakulima wa milimani, huku machungwa ya Muheza na ya ukanda wote wa chini wa pwani yakinusurika. Jua lililokuwa likilalamikiwa na kila mpita njia ndilo lililokuwa mlinzi wa shamba.

Mlinzi huyo hafai mbele ya silidi wa Asia. Yeye na bakteria wake wanavumilia joto. Mabonde ya India, Uarabuni na Florida ndiyo makazi yao. Mwaka 2016 habari mbaya ikatoka Morogoro: watafiti walichapisha taarifa ya kwanza ya silidi wa Asia katika Afrika Mashariki, kutokana na wadudu waliopatikana Tanzania. Mwaka uliofuata ikatoka taarifa ya Kenya, kazi iliyohusisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi. Mwaka 2020 bakteria wa Asia naye akathibitishwa Kenya. Kati ya taarifa hizo ipo moja kutoka Ethiopia, ya mwaka 2019, ambayo kwa maoni yangu inatisha kuliko zote: silidi wa Afrika, yule wa milimani, alikutwa shambani akiwa na bakteria wa Asia tumboni. Maana yake mgawanyo wa zamani, ugonjwa wa baridi juu na usalama wa joto chini, hauna tena mpaka wa kuaminika. Mdudu wa mlimani anaweza kubeba ugonjwa wa pwani.

Tuwaache wadudu kwanza, tuutazame mkono wa mtu.

Kabla mdudu hajajulikana kuwa ndiye mwambukizaji, mwaka 1956 Lin Kongxiang wa China alionyesha kwamba huanglongbing hupita kutoka mti hadi mti kwa kubebesha: chukua kikonyo cha mti mgonjwa, kibebeshe kwenye mche mzima, na mche utaugua. Ugunduzi huo uliondoa dhana kwamba mti unaugua kwa sababu ya udongo au maji. Pia ulieleza jinsi kitalu kimoja kinavyoweza kuambukiza wilaya nzima bila mdudu hata mmoja. California ilipopata mti wake wa kwanza mgonjwa mwaka 2012, ulikuwa uani kwa mtu, katika mtaa wa Hacienda Heights, na ulikuwa umebebeshwa vikonyo vya aina nyingi.

Hata kisu peke yake kinatosha. Upo ugonjwa uitwao eksokotisi, unaobabua gome la mche wa chini na kuudumaza mti, na chanzo chake ni viroidi: uzi mtupu wa herufi za kinasaba zipatazo 370, usio na ganda na usiotengeneza protini yoyote. Hubaki kwenye ubapa wa kisu au makasi ya kupogolea na kuhamia kwenye mti unaofuata. Spiriti haiutoi vizuri. Jiki iliyochanganywa na maji huutoa, na ndiyo maana fundi mzuri wa kitalu huchovya kisu kila anapobadili mti. Lakini wakulima hawaishi vioja: Israel na Australia kuna watafiti waliotumia viroidi za aina hii kwa makusudi, ili michungwa ibaki mifupi na kuchumwa bila ngazi.

Mche wa chini nao una historia yake, na kisa cha danzi, lile chungwa chungu, kinastahili kusimuliwa polepole. Katika karne ya 19 michungwa ya visiwa vya Azores, iliyokuwa ikilisha Uingereza machungwa, ilianza kuoza shina karibu na ardhi na kutoa gundi. Mhalifu alikuwa Phytophthora, kiumbe wa maji maji wa ukoo mmoja na yule aliyeoza viazi vya Ireland. Ikagundulika kwamba mizizi ya mdanzi humstahimili. Basi dunia ikaanza kubebesha machungwa matamu juu ya midanzi, nchi baada ya nchi, na kwa miaka mingi ilikuwa dawa isiyo na kasoro. Lakini Afrika Kusini ndoa hiyo ilikataa: miti ilinyauka, na watu wakadhani mdanzi na mchungwa mtamu havipatani huko.

Havikuwa havipatani. Kulikuwa na virusi, na kulikuwa na kidukari mweusi wa michungwa aliyekuwa akivisambaza. Miaka ya 1930 virusi hivyo na kidukari huyo vilikuwa vimefika Argentina na Brazili, na miti ya chungwa iliyobebeshwa kwenye mdanzi ikaanza kufa kwa mamilioni. Wabrazili wakauita ugonjwa tristeza. Mwaka 1946 Meneghini alithibitisha kwamba kidukari ndiye mwambukizaji. Mti uliokuwa kinga ya ugonjwa mmoja ukawa mlango wa mwingine.

Brazili ikauacha mdanzi, ikahamia kwenye ndimu ya Rangpur, mti mgumu unaostahimili ukame. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukazuka ugonjwa mpya huko Minas Gerais, unaoua mti ghafla matunda yakiwa bado yananing'inia. Ulichagua nani? Miti iliyobebeshwa kwenye Rangpur.

Lakini tristeza iliacha pia ushindi mmoja mkubwa. Watafiti wa taasisi ya kilimo ya Campinas, Gerd Müller na Álvaro Costa, waliona kwamba ndani ya mashamba yaliyoharibika kulikuwa na miti michache iliyonawiri ikiwa na virusi vile vile, ila vya aina pole. Wakachukua vikonyo vyake wakavibebesha kwenye miche mipya. Mti wenye virusi pole haukuathirika tena na virusi vikali. Makumi ya mamilioni ya michungwa ya Brazili imepandwa ikiwa imechanjwa namna hiyo.

Je, wajua kuhusu ndimu za Oman? Miaka ya 1970, katika pwani ya Batinah, midimu ilianza kutoa vichaka vya matawi membamba yaliyosongamana, yenye vijani vidogo vya kijani kilichofifia, bila maua wala miiba, kama fagio. Baada ya miaka michache mti mzima hukauka. Chanzo chake ni fitoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli, na anayeshukiwa kumbeba ni mdudu mrukaji mdogo anayefyonza majani. Ugonjwa ulifika Falme za Kiarabu mwaka 1989 na kusini mwa Irani katika miaka ya 1990. Nchi iliyojenga jina kwa loomi, zile ndimu zilizokaushwa juani, ikapoteza sehemu kubwa ya midimu yake.

Kenka, ugonjwa wa vidonda wa michungwa, ni jambo jingine, kwani wenyewe unaenda kwa mvua na upepo. Bakteria wake hutoka kwenye vidonda vya jani pamoja na matone ya mvua. Aliyemtambua ni mwanamke, Clara Hasse, wa idara ya kilimo ya Marekani, mwaka 1915, wakati watu walidhani ni kuvu. Florida ilipopambana nayo mara ya mwisho, sheria iliamuru kila mti wa jamii ya machungwa ulio ndani ya mita 579 kutoka kwenye mti mgonjwa ukatwe, hata kama uko uani kwa bibi kizee. Watu walikwenda mahakamani. Zaidi ya miti milioni 10 ilikatwa, kisha vimbunga vya 2004 na 2005 vikausambaza ugonjwa mbali zaidi kwa wiki chache tu, na Januari 2006 serikali ikanyoosha mikono.

Umri wa kenka umesomwa kwenye majani ya makavazi. Mwaka 2021 watafiti walisoma jenomu nzima ya bakteria huyo kutoka kwenye jani lililokaushwa nchini Mauritius mwaka 1937. Hesabu zao zinaonyesha kwamba aliingia visiwa vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi katika karne ya 19, wakati meli zilikuwa zikileta vibarua na mimea kutoka Asia.

Kwa wanaopenda kumbukumbu za kisayansi: bakteria wa kwanza wa magonjwa ya mimea kusomwa jenomu yake yote alikuwa wa mchungwa. Ni Xylella fastidiosa, na kazi hiyo haikufanywa Marekani wala Ulaya bali na mtandao wa maabara za São Paulo, Brazili, mwaka 2000.

Na tiba? Florida sasa wanachoma sindano ya oksitetrasaiklini kwenye shina la mchungwa, dawa ile ile anayodungwa ng'ombe mwenye homa, kwa idhini iliyotolewa mwaka 2022. Mti hupata nafuu, haupati kupona. Vietnam, wakulima wa bonde la Mekong walisema kwamba mchungwa uliopandwa pamoja na mipera hauguswi sana na silidi, na kemia ikaonyesha kwamba jani la mpera likipondwa hutoa gesi ya salfa anayoichukia. Florida walipojaribu mipera shambani hawakuiona kinga ile. Mimi bado ningepanda mpera. Mapera hayajawahi kumtia mtu hasara.

Kazi safi kuliko zote iliyofanywa dhidi ya silidi wa Afrika ilifanyika kisiwani Réunion miaka ya 1970. Walileta kutoka Afrika Kusini nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, Tamarixia dryi, ambaye hutaga yai chini ya silidi mchanga, na mtoto wake humla mwenyeji wake hadi kumaliza. Silidi wa Afrika akatoweka kisiwani. Alipovamia visiwa vya Kanari mwaka 2002 na Galicia, Hispania, mwaka 2014, Wahispania nao walimfuata nyigu huyo huyo Afrika Kusini. Hapa kwetu hana haja ya kuletwa kwa meli: watafiti wamemkuta Kenya. Ukiona silidi mchanga amekauka juu ya jani, na mgongoni ana tundu la mviringo, nyigu ametoka hapo. Dawa ya kupulizia siku hiyo itamuua yeye kabla ya silidi waliobaki.